Mpira au tobo? Jibu kwa mama wa mtoto mwenye maji kichwani

Mama mmoja wa Kahama ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Binti yangu ana miezi minne. Alipokuwa na wiki tatu aliugua homa kali na degedege, tukalazwa wiki mbili, akapona. Tangu mwezi wa pili kichwa kinakua kuliko mwili. Wiki iliyopita kliniki wamepima sentimita 46. Daktari wa kwanza amesema awekewe mpira. Wa pili ametuambia upo upasuaji wa kutoboa kwa ndani, mpira hauwekwi. Bibi yake anasema mtoto mdogo hivi hahimili nusu kaputi, tusubiri afikishe mwaka. Baba yake amekubali apasuliwe, ila ameambiwa mipira ya bei rahisi haifai. Nichague upi? Na je, atanitambua?"

Marahaba, mama. Pole sana. Umeniandikia tarehe na vipimo, ukanitumia na picha ya kadi na video, na hivyo vimenisaidia kuliko unavyodhani. Mtoto sijamshika kwa mikono yangu, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wako na wa daktari atakayemwona. Ila kuna mambo ambayo ukiyajua kabla hujaingia kwenye chumba chake, mtaongea vizuri zaidi.

Nianze na neno la bibi, maana hilo ndilo lisilongoja. Kusubiri afikishe mwaka, hapana. Kichwa cha mtoto mwenye afya hukua kama sentimita 2 kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kama sentimita 1 kwa mwezi mpaka miezi sita. Mtoto wa kike wa miezi minne huwa na wastani wa sentimita 40 na nusu hivi. Binti yako ana 46. Na katika kadi uliyoipiga picha, mstari wake umeacha njia ya wenzake tangu wiki ya tisa, unapanda kama ngazi. Kilichonishtua ni huo mwendo wa kupanda, kuliko hata hiyo namba 46.

Mifupa ya fuvu la mtoto bado haijaungana. Maji yakizidi, kichwa kinatanuka, na kwa kuwa kinatanuka mtoto haanguki ghafla kama mtu mzima. Ananyonya, analala, pengine anacheka. Familia inaona tatizo ni ukubwa wa kichwa tu. Kumbe kwa ndani ubongo unasukumwa ukutani na kuzidi kuwa mwembamba wiki hadi wiki. Upasuaji unazuia madhara yasiendelee. Ambacho kimeshaharibika mara nyingi haukirudishi. Kwa hiyo kati ya kuchagua vizuri baada ya miezi mitatu na kuchagua kwa haraka wiki hii, mimi ningechukua wiki hii, hata kama upasuaji unaopatikana wiki hii si ule uliousikia unasifiwa.

Hofu ya bibi kuhusu dawa ya usingizi, hata hivyo, ina msingi, na msimdharau. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa kuliko kwa mtoto wa miaka mitano. Njia zake za hewa ni nyembamba, anapoteza joto upesi, na damu yake yote haijazi chupa moja ya soda kubwa. Dawa ya hofu hiyo ni kumpeleka mahali ambapo mtaalamu wa usingizi amezoea watoto wadogo. Uliza wazi: "Nani atamlaza mtoto wangu, na huwa analaza wachanga?" Swali hilo halimkosei mtu heshima. Na ulizia kunyonyesha. Akina mama wengi huambiwa mtoto asile chochote tangu jioni, upasuaji unachelewa mpaka adhuhuri, mtoto anaingizwa amelia usiku kucha na sukari imeshuka. Maziwa ya mama huruhusiwa mpaka muda wa saa nne kabla ya usingizi. Maziwa ya kopo na uji ndivyo vinavyohitaji muda wa saa sita. Ukiambiwa tofauti, omba uelezwe sababu, na omba wachanga watangulizwe kwenye orodha ya asubuhi.

Sasa tuje kwenye mpira na tobo. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vidogo. Katika vyumba hivyo kuna vinyama laini kama vishada, navyo hutengeneza maji mchana na usiku. Maji hayo yanapita kutoka chumba hadi chumba kwa mifereji myembamba, yanatoka nje, yanauzunguka ubongo na uti wa mgongo, halafu yanafyonzwa na kurudi kwenye damu. Kila mtu anayo. Ugonjwa unaanza njia inapoziba, au ufyonzaji unaposhindwa. Kwa binti yako nadhani ilikuwa ile homa ya wiki tatu: maambukizi yaliingia kwenye vyumba hivyo, yakapona, lakini yakaacha makovu. Kwetu Afrika Mashariki hii ndiyo njia inayowaleta watoto wengi. Huko Mbale, Uganda, ambako hospitali ya watoto ya CURE imehudumia maelfu ya watoto wa aina hii, iligundulika mapema kwamba zaidi ya nusu yao walipata maji baada ya maambukizi ya utotoni. Mwaka 2020 watafiti walitaja bakteria mmoja aliyekutwa katika maji ya ubongo ya watoto wengi wa huko, Paenibacillus, ambaye kwa vipimo vya kawaida vya maabara alikuwa haonekani. Nakueleza haya ili uyabebe nyumbani: haikuwa mkosi, haikuwa mimba uliyoibeba vibaya, wala si kitu ulichokula. Mtoto wako aliugua, na ulimpeleka hospitali.

Mpira ni bomba jembamba la silikoni. Ncha moja inaingia chumba cha ubongo, bomba linapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, linashuka shingoni na kifuani mpaka tumboni, na huko maji yanafyonzwa. Katikati kuna koki inayofunguka presha ikipanda na kujifunga ikishuka. Tumboni tunaacha urefu wa ziada umejikunja, ili mtoto akirefuka na bomba lijikunjue. Koki hiyo ina historia inayonigusa. Mwaka 1956 huko Philadelphia, Marekani, fundi wa kiwandani aitwaye John Holter alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa na mgongo wazi na maji kichwani. Alipoelezwa na daktari wa mwanawe, Eugene Spitz, kwamba mabomba yaliyokuwepo yanashindwa kwa kukosa koki nzuri, alikwenda akaitengeneza. Mipira ya leo ni wajukuu wa ile.

Uzuri wa mpira ni kwamba unafanya kazi mara moja, na madaktari wengi wanaujua. Ubaya wake ni kwamba ni kitu kigeni mwilini: unaziba, unapata wadudu, unachomoka. Hata katika nchi tajiri, kiasi cha theluthi moja au zaidi ya mipira ya watoto hushindwa ndani ya mwaka wa kwanza na kuhitaji upasuaji mwingine. Na mtoto akishautegemea, kuziba kwake ni dharura ya saa, si ya siku.

Tobo ni tofauti. Daktari anaingiza kamera nyembamba kupitia utosi, anafika chumba cha tatu, anatoboa sakafu yake ili maji yapate njia ya mkato. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka, tobo peke yake mara nyingi halitoshi, kwa kuwa uwezo wake wa kufyonza bado mchanga. Hapo ndipo alipoingia Dk. Benjamin Warf, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, aliyehamia Mbale na familia yake mwaka 2000. Aliongeza hatua ya pili: kwa kamera ileile anavichoma vile vishada vinavyotengeneza maji, ili maji yapungue. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka, tobo pamoja na kuchoma lilifaulu kwa asilimia 66, na tobo peke yake asilimia 47. Kwa hiyo huyo daktari wa pili akikutajia tobo, swali lako la kwanza liwe: "Mtamchoma na vile vishada, au mtatoboa tu?" Kwa umri wa binti yako tofauti hiyo ni kubwa.

Je, ipi inamwachia mtoto akili nzuri zaidi? Kila mzazi anauliza hili, na kwa bahati limepimwa hapahapa kwetu, kwa watoto kama wako. Huko Mbale watoto 100 wa chini ya miezi sita, wote wenye maji yaliyotokana na maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu mpira, nusu tobo na kuchoma. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, maendeleo yao ya akili hayakutofautiana kwa kiasi cha kusema hii imeishinda ile, wala ukubwa wa ubongo haukutofautiana. Upasuaji ulishindwa kwa asilimia 35 upande wa tobo na asilimia 24 upande wa mpira, na hata tofauti hiyo, kwa idadi ile ya watoto, haikutosha kuthibitisha kitu. Lazima nikueleze na upande mchungu: makundi yote mawili yalikuwa chini sana ya mtoto mwenye afya wa umri huo. Maambukizi yenyewe yalikuwa yameshakula.

Kama kwa akili ya mtoto zinalingana, basi uamuzi unahamia kwenye maisha yenu. Mnakaa wapi? Mpira ukiziba saa sita usiku mwezi wa nne, mvua zimekata barabara, mtafika kwa daktari wa ubongo kwa muda gani? Hili nalitilia uzito sana, na nitakueleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea mvulana wa miaka mitatu aliyewekewa mpira akiwa mchanga. Aliishi vizuri, alikuwa anahesabu mpaka kumi. Siku moja akaanza kutapika asubuhi na kulala mchana. Alipelekwa zahanati, akapimwa malaria, akapewa dawa. Siku ya pili akarudishwa, akaongezewa drip. Mama yake alisema mara mbili kwamba mtoto ana mpira kichwani, na mara zote mbili aliyempokea hakujua mpira wa kichwani ni kitu gani. Siku ya nne alinifikia akiwa hajitambui. Tulimpasua usiku uleule, mpira ulikuwa umeziba kwenye ncha ya juu, na maji yalitoka kwa nguvu yakanirukia kwenye miwani. Alipona, ila macho hayakurudi. Tangu siku hiyo kila mzazi anayetoka wodini kwangu anapewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: MTOTO HUYU ANA MPIRA KICHWANI. AKITAPIKA, AKISINZIA, AKILIA BILA KUNYAMAZA, AKIPATA DEGEDEGE, APELEKWE HOSPITALI YA RUFAA LEO. Chini yake kuna namba ya simu ya wodi. Mkipewa mpira na hamkupewa karatasi kama hiyo, iombeni.

Kwa familia ya mbali, basi, tobo lina faida ya kweli. Likishindwa, mara nyingi linashindwa ndani ya miezi sita ya kwanza, wakati bado mnarudi kliniki na utosi uko wazi unaonekana. Likipita hapo, mtoto hana bomba la kuziba usiku. Halina dhamana ya maisha. Nimewahi kuona tobo lililojifunga baada ya miaka, kwa hiyo dalili zilezile za kwenye karatasi zinabaki kuwa zenu. Ila uzito wake ni mwepesi zaidi kuubeba mkiwa Kahama.

Tatizo ni kwamba tobo si la kila kichwa. Baada ya maambukizi, pengine makovu yamejaa chini ya sakafu ya chumba cha tatu na maji hayana pa kwenda hata ukitoboa. Jambo hilo wakati mwingine daktari analiona akishaingia na kamera. Mwulize mapema: "Ukikuta hapatobolewi, utamwekea mpira papo hapo, au atalazwa usingizi mara ya pili?" Na umwulize amefanya upasuaji huo kwa wachanga wangapi. Tobo la mikono isiyozoea ni hatari kuliko mpira wa mikono iliyozoea, kwa sababu chini kidogo ya sakafu ile umepita mshipa mkubwa wa damu. Kama aliye karibu nanyi anaweka mpira kila wiki na hana kamera wala uzoefu wa kuchoma, na safari ya kumfuata mwenye navyo itakula miezi miwili ya kutafuta nauli na kitanda, mpeni mtoto mpira. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayependelea tobo.

Baba yake mwambieni hivi kuhusu mpira wa bei rahisi. Anaousikia bila shaka ni wa Chhabra, unaotengenezwa India. Huko huko Mbale waliulinganisha na wa Codman wa Marekani kwa watoto 195, mmoja wakati huo ukiuzwa kama dola 35 na mwingine kama dola 650. Mwaka mmoja baadaye hapakuwa na tofauti ya maana kati yao, si kwa kuziba wala kwa maambukizi. Asikope, asiuze shamba kwa ajili ya jina lililo kwenye pakiti. Pesa hiyo iwekeni kwa ajili ya nauli za kurudi kliniki. Gharama ya upasuaji ikiwashinda, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ileile mnayolazwa, msingoje siku ya kuruhusiwa ndipo mseme hamna.

Kabla ya upasuaji wowote kuna vitu viwili nataka uvione vimefanyika. Kwanza, picha. Maadamu utosi uko wazi, altrasaundi ya kawaida inaweza kuonyesha vyumba vya ubongo bila mionzi na kwa bei ndogo. Baadaye daktari anaweza kutaka na picha ya CT, ya mashine ya mionzi. Picha ndiyo itakayosema ubongo umebaki kiasi gani. Kuna watoto wachache ambao kichwa kimejaa maji na ubongo wa juu karibu haupo, na kwao mazungumzo ni mengine kabisa: tunafanya nini ili asiumie na kichwa kisiwe kizito kwa mama kumbeba. Kwa nilivyomwona binti yako kwenye video, sidhani kama ni mmoja wao. Pili, maji yapimwe kama ni safi. Kwa kuwa aliwahi kupata maambukizi, mpira ukiwekwa kwenye maji ambayo bado yana wadudu utaoza nao, na itabidi utolewe. Yakikutwa machafu, atapewa dawa za sindano kwanza, na maji yatatolewa kidogo kidogo kwa muda. Huko kunyonya maji kwa sindano ni kumsogeza tu mpaka siku ya upasuaji. Mtu akikwambia mtoto atakuwa anakuja kunyonywa kila wiki na ndiyo tiba yake, hama hospitali.

Na bibi asimpake dawa ya utosini, wala asichanjwe kichwani. Sisemi kwa kudharau. Kuna bibi wengi waliowatunza wajukuu kwa mikono hiyo. Lakini ngozi ya kichwa cha mtoto huyu imevutwa, imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana. Jeraha dogo pale ndipo wadudu wanapoingilia, na ndipo hapo hapo tutakapopitishia wembe wetu. Mpeni bibi kazi nyingine ambayo ni ya maana kweli: futi ya fundi nguo. Kila Jumamosi asubuhi aizungushe juu ya nyusi na kwenye kisogo pale palipochomoza zaidi, aandike namba kwenye daftari. Mtu mmoja, futi moja, siku moja. Baada ya upasuaji daftari hilo litanieleza mengi kuliko maneno "anaendelea vizuri." Kichwa hakitarudi kuwa kidogo mara moja, tunataka kiache kukimbia, mwili ukifikie.

Pembeni ya barua yako umeniuliza pia, kwa chini chini, kama utakayemzaa baadaye naye atakuwa hivi. Kama chanzo ni maambukizi, hapana, hakirithishwi. Ushauri wa vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba unawahusu wanawake wote, mikrogramu 400 kila siku, kwa sababu ya mgongo wazi, ambao hutokea ndani ya siku 28 za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua ana mimba. Anza navyo mtakapopanga mwingine.

Umemalizia kwa kuuliza kama atakutambua. Nimeitazama video yako mara nne. Kwenye sekunde ya kumi na mbili unapita mbele yake na kanga ya rangi ya chungwa, naye macho yanakufuata kutoka kushoto mpaka katikati. Halafu yanashuka chini, weupe unaonekana juu ya mboni, na hayapandi tena mpaka video inaisha. Kule kukufuata ndiko kunakonipa tumaini. Kule kushuka ni presha, na ndiko kunakonifanya niandike usiku huu badala ya kungoja zamu yako ya kujibiwa. Nendeni Jumatatu, wewe na baba yake kama anaweza, na kama hawezi saini yako ni saini ya mzazi. Beba kadi ya kliniki na karatasi za ile wiki mbili mliyolazwa. Mnyonyeshe njiani kila anapotaka, kichwa chake kikiwa kimelala kwenye mkono wako, kisining'inie. Akianza kutapika kila anaponyonya, au akisinzia kiasi cha kutoamka kunyonya, msingoje Jumatatu.